Skrini Zisizo na Adabu

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani. Iliwahi kuwapo, lakini kila ramani iliyochapwa ilirudishwa kiwandani kwa madai kwamba rangi iliyopewa nchi haina heshima ya kutosha, mpaka wachora ramani wakachoka, wakaacha pale mahali peupe. Mimi niliishi hapo peupe. Niliendesha mashine ya kuchapa katika duka dogo la michoro, na nitaeleza niliyoyaona kwa utaratibu, bila kumlaumu mtu, kwa kuwa kila aliyehusika alikuwa ametumwa na mwingine.

Mambo yalianza na uso wa Mtukufu.

Mtukufu, Kiongozi wetu, alionekana kwenye runinga kila jioni akifungua kitu au akifunga kitu. Mwaka mmoja, baada ya mvua za vuli, watu waliona uso wake unageuka manjano. Yalianza macho, yakafuata mashavu. Hakuna aliyesema neno. Watu walizipiga runinga zao makofi ubavuni, kama tunavyofanya zikileta chenga, lakini ile manjano haikutoka.

Waziri wa Mwonekano alikuwa mtu wa kuchukua hatua. Aliwaita waandishi wa habari, akasafisha koo, akasoma.

"Ndugu wananchi, uchunguzi wa kina umebaini kwamba uso wa Mtukufu hauna tatizo lolote. Tatizo liko kwenye skrini. Uso ni mmoja, skrini ni nyingi. Kihesabu, uwezekano wa kukosea uko upande wa walio wengi."

Waandishi walipiga makofi, na mimi nyumbani nilikiri kwamba hesabu ile sikuwahi kuifikiria.

Ndipo ikaundwa Idara ya Adabu za Skrini. Mkaguzi aliingia nyumbani kwako, au ofisini, au dukani, akachomeka flashi yenye picha rasmi ya Mtukufu, akarudi nyuma hadi ukutani, kisha akauliza: "Unamwonaje?" Jibu sahihi lilikuwa "Ana afya njema." Ikiwa skrini nayo ilimwonyesha ana afya njema, ilibandikwa stika ya dhahabu. Ikiwa ilimwonyesha ana manjano, ilikuwa haina adabu, na ilichukuliwa.

Walioagiza skrini kutoka nje walielewa haraka. Walizirekebisha bandarini zifiche manjano kabla hazijashushwa. Baada ya muda usio mrefu, rangi ya manjano iliondoka katika skrini za nchi yetu, na Mtukufu akapona kila jioni saa mbili kamili, kwenye taarifa ya habari.

Sitaki kuharakisha kuhukumu. Kwa watu wengi hapakuwa na shida. Shida ilikuwa kwa wachoraji. Mchoraji akitazama skrini inayoficha manjano, huona kazi yake imepauka, kwa hiyo huongeza manjano. Haionekani, huongeza tena. Skrini ikisharidhika, karatasi inatoka kwenye mashine kama iliyochovywa kwenye binzari. Kadi za harusi moja zilitoka hivyo, na ukoo wa bwana harusi ukatuma wazee kuuliza kama bibi harusi anaumwa ini. Pakiti za maziwa zilifanana na za mafuta ya kupikia, na mtaa wa pili kutoka kwetu watu walikaanga maandazi kwa maziwa. Hata picha ya Mtukufu yenyewe, ilipochapwa, ilitisha. Ikatolewa amri kwamba picha yake isitundikwe tena kwenye karatasi, itundikwe kwenye skrini tu.

Tukazoea. Nchi ile ilikuwa hodari sana wa kuzoea.

* * *

Asubuhi moja Bi Mwanatumu, mkunga mkuu wa kliniki ya mtaani kwetu, aliingia dukani akiwa na kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo, chini ya kitambaa cheusi, mlikuwa na kadi nyembamba yenye vipande vitano vya manjano. Cha kwanza kilikuwa hafifu kama maji ya mchele, cha tano kimekolea kama kiini cha yai la kienyeji.

"Hii ndiyo ya mwisho," alimwambia Chausiku. Chausiku ndiye aliyekuwa mchoraji, na duka lilikuwa letu sote wawili. "Mtoto mchanga akizaliwa, unambonyeza hapa kwenye ncha ya pua, unaachia, unaweka kadi pembeni haraka. Moja na mbili, mnyonyeshe, mtazame tena kesho. Tatu, mlete kliniki. Nne na tano, leo leo."

"Leo leo kwa nini?"

"Manjano ikizidi inapanda kichwani, mwanangu."

Chausiku aliigeuza kadi. "Hospitali ya wilaya si walichapisha zao mwaka jana?"

"Walichapisha, kwa skrini zenye stika ya dhahabu. Zimetoka kali kupita kiasi. Mtoto wa tano ukimwekea kadi ile, anasomeka wa mbili." Bi Mwanatumu alivuta kiti akaketi. "Kuna mtoto wa kule Kisimani. Mama yake alimpima kila asubuhi, hakuruka hata siku moja. Mbili, mbili, mbili. Alipoletwa kwangu tulimwokoa. Lakini sasa ukipiga makofi nyuma yake, hageuki."



"Masika yanakuja," alisema Bi Mwanatumu akiinuka. "Vijiji vya ng'ambo ya mto vitakatika, na kule wanajifungulia nyumbani. Nataka kila mwenye mimba aondoke na kadi yake kabla daraja halijazama. Na ninataka manjano iwe manjano. Uzuri wa kadi sina haja nao."

Tulianza siku ile ile, na skrini yetu, ambayo ilikuwa na stika ya dhahabu kama za wenzetu. Chausiku alichora, mimi nikachapa, tukaipeleka karatasi dirishani na kuilaza kando ya kadi ya Bi Mwanatumu. Kipande chetu cha kwanza kilikuwa sawa na cha nne chake. Akapunguza. Kwenye skrini vipande vyote vitano vikawa vyeupe kabisa, hata hakujua kipi ni kipi. Tulibahatisha hivyo hadi wino wa manjano ukatuishia, na tukawa tumepata kadi nyingi za kila aina isipokuwa inayotakiwa.

Chausiku aliizima kompyuta. "Kaka, siwezi kuchora nisichokiona," alisema. "Tutafute skrini."

* * *

Wachoraji wa nchi yetu walikuwa na desturi yao ya tangu zamani: mtu hukwenda kununua skrini na kitu anachokijua rangi yake. Wapo waliobeba kanga ya mama yao, wapo waliobeba nyanya. Chausiku alibeba ndizi mbivu, pamoja na picha ya ndizi hiyo hiyo aliyoipiga asubuhi kivulini.

Muuzaji wa Duka la Skrini za Heshima alitupokea kwa tabasamu.

"Anza na hii, dada. Mng'ao wake ni wa hali ya juu. Ukiiwasha unaweza kuanika nguo mbele yake."

"Ninataka inayoweza kupunguzwa mng'ao," alisema Chausiku. "Karatasi haiwaki."

"Basi hii ya michezo. Risasi unaiona kabla haijatoka kwenye bunduki."

"Mimi napigwa na wateja tu."

Chausiku alisimama mbele ya skrini ya tatu, akasogea kushoto, akasogea kulia, akachuchumaa, akainuka. Picha ilikuwa ikififia na kugeuka kila aliposogea.

"Dada, unanunua skrini au unacheza ngoma?"

"Mteja wangu akiketi pembeni yangu anaona rangi nyingine na mimi naona nyingine. Nataka isiyobadili kauli ukihama kiti."

"Hii basi. Imepinda kidogo, kioo chake kinameta, ina rangi zaidi ya bilioni moja."

"Manjano imo kwenye hizo bilioni?"

Muuzaji alikohoa. Chausiku alifungua picha yake, akaishika ndizi kando ya kioo. Ndizi ya mkononi ilikuwa ndizi. Ya kwenye kioo ilikuwa na rangi ya mshumaa. Muuzaji alitazama moja, akatazama nyingine, kwa muda mrefu, na ninakiri alifanya hivyo kwa uangalifu.

"Ndizi yako ina tatizo," alisema mwishoni.

"Tatizo gani?"

"Haijakaguliwa."

Alitueleza kwamba skrini za rangi sahihi, zilizopimwa kiwandani moja moja, ziliweza kuagizwa, ila kwa kibali cha Ikulu, na bei yake ilikuwa sawa na ya kiwanja chenye kisima. Tulimshukuru. Tulipofika mlangoni Chausiku alisimama.

"Zote hizi zimefaulu ukaguzi?"

"Zote, dada. Sisi hatuuzi iliyofeli."

"Na zilizofeli zinakwenda wapi?"

Muuzaji alitazama barabarani kabla ya kujibu, kisha akajibu kwa kidevu, akielekeza upande wa kiwanda cha zamani cha pamba.

Njiani Chausiku alimenya ndizi, akanipa nusu. "Wametufanyia kazi kubwa," alisema. "Wamepita nchi nzima, nyumba kwa nyumba, wametenga skrini zinazosema kweli na zinazodanganya. Hakuna mchoraji angeweza kuifanya peke yake. Sisi tumekosea fungu tu."

* * *

Bohari la Skrini Zisizo na Adabu lilikuwa na mlinzi mmoja, Mzee Shekue, aliyekuwa akichemsha chai kwenye birika la umeme. Skrini zilipangwa hadi darini kufuata uzito wa makosa yao. Karibu na mlango zilikaa zenye Uzembe, zilizomwonyesha Mtukufu amechoka kidogo. Zikafuata zenye Utovu wa Adabu, halafu zenye Kosa Kubwa. Ziliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na watu walizinunua kufanyia meza na mabanda ya kuku, baada ya kuapa kwa mdomo kwamba hawatazichomeka.

"Tunataka yenye kosa baya kuliko zote," alisema Chausiku.

"Kuku wako wakubwa kiasi gani?" aliuliza Mzee Shekue.

"Si ya kuku, baba."

Mzee alimtazama, akamimina chai, akatumiminia na sisi. "Ipo moja ya Uhaini," alisema polepole. "Imefungwa maisha. Ilitoka kiwanda cha kanga kilipofungwa. Kule walikuwa wakichagulia rangi za kanga, kwa hiyo ilikuwa na mazoea mabaya tangu mwanzo."

Ilikuwa nyuma kabisa, imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Ilikuwa nzito, fremu yake nene, kona moja imechubuka, kioo chake hakimeti hata ukikitazama kutoka mlangoni. Kwa umbo ilipitwa na zote tulizoziona dukani. Mzee Shekue alichomoa birika lake, akaweka waya wa skrini mahali pake.

"Mimi sioni," alisema, akageuka ukutani.

Chausiku aliunganisha kompyuta ndogo, na kwa utaratibu wake hakutazama chochote mpaka skrini ilipopata joto. Kisha akapunguza mng'ao mpaka weupe wake ukalingana na karatasi aliyoishika mkononi. Ndipo akafungua picha ya ndizi. Akaenda kushoto, akaenda kulia, akachuchumaa. Ndizi haikubadili kauli. Kwa kuwa ndizi yenyewe tulikwisha kuila, tulitoa ganda mfukoni mwangu tukaliweka kando. Lilikuwa limeanza kuwa na madoa, lakini pale palipobaki manjano, palilingana.

Mzee Shekue alikuwa amegeuka bila sisi kujua. Kikombe chake kilikuwa kimeinama na chai inamwagika.

"Kumbe manjano walikuwa hawajaiua," alisema.

Aliiweka kwenye mizani. Kwa kilo, haini yule alitugharimu kama kuku wawili na tenga lao.

"Mnaapa hamtaichomeka?"

"Baba, umetuona tukiichomeka."

"Ndiyo maana ninauliza. Ili nikiulizwa, niseme niliuliza."

* * *

Tuliipeleka dukani imefunikwa shuka. Chausiku alipaka ukuta wa nyuma rangi ya majivu, akaitengenezea skrini kibanda cha boksi kilichopakwa masizi kwa ndani, ili mwanga wa dirisha usiidanganye. Kisha akaanza upya. Jaribio la kwanza lilikaribia. La pili lilikaribia zaidi. Tulipolaza la tatu dirishani kando ya kadi ya Bi Mwanatumu, sikuweza kusema ipi ni ipi, na Bi Mwanatumu alipoitwa naye alizichanganya, akaweka yetu kwenye kopo na kutuachia ya kwake.

Nilichapa mpaka mashine ikanuka moto. Kadi zilivuka daraja mabegani, kwenye vikapu, ndani ya kanga za wajawazito, na maji yakapanda nyuma yao.

Za mwisho hazikuwa zimekauka vizuri pale Bwana Nyangasa, Mkaguzi wa Adabu wa kata yetu, alipofika. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko mshahara wake. Alitoa shuka, akaona kibanda cha boksi, akaona mabaki ya mnyororo. Akachomeka flashi. Akarudi nyuma hadi ukutani.

Hapo ndipo tulipomwona Mtukufu. Alikuwa wa manjano hadi masikioni. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Unamwonaje?" aliuliza Bwana Nyangasa. Nafikiri alitamani ajibiwe haraka aondoke.

"Namwona anaumwa," alisema Chausiku.

"Sikukusikia vizuri, dada yangu."

"Umenisikia. Anaumwa, tena sana. Ningekuwa mtu wake ningempeleka hospitali leo."

"Mimi namwona ana afya njema."

"Basi stika tukubandike wewe."

Bwana Nyangasa alitoa leso akajifuta shingo. Alitangaza kwamba skrini imekamatwa kwa mara ya pili kwa Uhaini, jambo ambalo halikuwa na adhabu yake kwa kuwa aliyetunga adhabu hakutegemea kurudiwa. Na Chausiku angesimama jukwaani siku ya kufunguliwa wodi mpya ya wazazi, mbele ya Mtukufu mwenyewe na mbele ya ile skrini, aombe radhi kwa niaba ya rangi.

* * *

Wodi mpya ilikuwa ukuta mmoja uliopakwa chokaa, wenye utepe. Waziri wa Mwonekano alihutubia.

"Tulipoanza, nchi hii ilikuwa na manjano kila mahali! Leo nenda skrini yoyote, itafute, huioni! Huu ni ushindi uliopatikana bila kumwaga damu, isipokuwa kidogo!"

Skrini ya haini ilisimamishwa juu ya meza, imewashwa, ili umma uone sura ya uongo. Chausiku alisimama kando yake. Nilimwona akiigeuza kidogo ili jua lisiipige. Hata pale aliona vibaya ifanye kazi ovyo.

"Omba radhi," alisema Waziri.

"Kwa kosa lipi?"

"Kwa kuonyesha manjano."

"Manjano yenyewe ndiyo hiyo imeketi hapo," alisema Chausiku bila kupaza sauti. "Mimi sikuipaka."

Kabla Waziri hajapata neno, Mtukufu aliinuka kwenye kiti chake. Sijui kama alichoka kuketi au alitaka kusikia. Alishuka hadi walipopangwa wakunga na akina mama, kila mmoja na kadi shingoni kwa uzi, akamuuliza Bi Mwanatumu hicho ni kitu gani.

Bi Mwanatumu alikuwa amepokea watoto wa mji ule tangu kabla ya wizara nyingi kuwapo. Mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Aliona ncha ya pua, aliona macho, na kabla walinzi hawajaelewa, kidole gumba chake kilikuwa kimekwisha kubonyeza pua ya Mtukufu.

"Tulia, baba," alisema.

Mtukufu alitulia. Bi Mwanatumu akaachia kidole, akaweka kadi kando ya pua, akakunja jicho moja.

"Tano."

Mtu wa itifaki aliketi chini, palipokuwa na tope.

"Tano ndiyo nini?" aliuliza Mtukufu.

Bi Mwanatumu hakuhitaji kujibu. Akina mama walikuwa wameyakariri maneno ya kadi, na kwao swali lilikuwa swali. Walijibu wote pamoja, taratibu, kama wanavyojibu kliniki: "Nne na tano, leo leo."

Mtukufu aligeuka, akaiona skrini mezani. Aliisogelea. Nadhani hakuwa amejiona kwa miaka, kwa sababu Ikulu nako hata vioo vya bafuni vilikaguliwa.

"Huyu ni mimi?"

Aligusa shavu lake, kisha shavu la kwenye kioo.

"Tangu lini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lingeonyesha nani alijua na akanyamaza. Mtukufu alipanda gari kwa mlango wa nyuma. Taarifa ya habari ilisema amekwenda nchi ya mbali kukagua hospitali yao kutoka ndani, akiwa amelala.

* * *

Waziri wa Mwonekano alibaki, na alikuwa bado mtu wa kuchukua hatua. Ndani ya wiki ile Bwana Nyangasa alileta tangazo akalibandika mlangoni petu kwa gundi nyingi. Nambari tano ilikuwa imefutwa nchini. Kadi zote zingechapwa upya, ziishie nne.

"Watoto wa tano niwapeleke wapi?" aliuliza Chausiku.

"Nne."

"Na wa nne?"

"Watashuka tatu. Kila mmoja anashuka kidogo, dada yangu, hakuna anayeumia."

"Yule wa Kisimani alishushwa hadi mbili. Nenda kapige makofi nyuma yake, kisha uje uniambie nani hakuumia."

Bwana Nyangasa alitazama viatu vyake.

"Sichapi ya nne," alisema Chausiku. "Nitachapa ya tano, kesho na keshokutwa. Kamwambie Waziri hivyo hivyo, usiirekebishe rangi."

Wakamweka rumande. Alirudi na kikohozi, akapaka upya ukuta wa majivu, akaketi kazini. Skrini nayo ilirudi, kwa sababu kanuni ilisema kilichokamatwa kiuzwe kwa kilo, na kanuni haikusema kisiuzwe kwa nani. Waliikamata tena, tukainunua tena. Mzee Shekue akaanza kutupunguzia bei kama wateja wa kudumu, na akaacha kuifunga mnyororo kwa kuwa ulikuwa unamchelewesha. Kadi za tano ziliendelea kutoka. Masika yale, akina mama wa ng'ambo ya mto walileta watoto kliniki kwa mitumbwi, wakisema kabla hawajaulizwa, "Huyu ni wa leo leo."

Wakati huo Ikulu ilikuwa ikitoa picha ya Mtukufu kila wiki, akiwa kitandani katika nchi ya mbali, yenye maandishi kwamba anaendelea vizuri. Na hapo viongozi wetu walipatwa na tabu ambayo hawakuitegemea. Walihitaji kujua kama kweli anaendelea vizuri, ili wajue waendelee kumsifu au waanze kumsifu mwingine. Lakini kila skrini waliyokuwa nayo ilikuwa na stika ya dhahabu. Kila skrini ilisema ana afya njema. Walikuwa wamekwisha kuzifundisha.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Nyangasa, akidai anakagua. Aliuliza "Unamwonaje?" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayetaka kujibiwa. Wakaja makatibu. Wakaja wakurugenzi, wakiacha magari yao mtaa wa nyuma.

Siku Waziri mwenyewe alipokuja, ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Bi Mwanatumu aliwapanga akina mama kwenye benchi la barazani petu awagawie kadi na kuwafundisha kuzisoma kwa mwanga wa dirisha. Waziri alikuwa na miwani myeusi na flashi ndani ya ngumi.

"Unamwonaje?" alimnong'oneza Chausiku.

Chausiku alichomeka flashi, akatazama. "Unataka kwa maneno au kwa nambari, Mheshimiwa?"

"Kwa nambari. Maneno tunayo mengi."

"Nambari zinaishia nne."

"Niambie tu kama bado ni ile."

"Ipi?"

"Ile inayofuata baada ya nne."

"Haipo. Tangazo lako liko hapo mlangoni, gundi yake haitoki."

Akina mama walikuwa wameacha kuzungumza. Mtoto mmoja alinyonya kwa sauti. Waziri alivua miwani.

"Irudi," alisema.

"Hawa wa mwisho wa benchi hawajasikia."

"Nambari tano irudi," alisema Waziri wa Mwonekano kwa sauti ya jukwaani, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

"Asante," alisema Chausiku. Alichomoa flashi, akaiweka kando ya mashine, akachukua kadi mbichi akazipangusa vumbi la karatasi.

"Sasa niambie. Ni ngapi?"

"Keti foleni, Mheshimiwa. Wenye watoto wanatangulia."

Na mama wa mwisho wa benchi akasogea kidogo, akampa nafasi.